Futiboli ya Vyuo Vikuu Katika Viwanja vya Beisiboli

Uwanja wa futiboli ya Kimarekani ni mstatili usiobadilika: urefu wa yadi 120, yaani mita 109.7, na upana wa mita 48.8. Yadi 10 za kila mwisho ni eneo la goli, ambako timu hufunga tachidauni kwa kuufikisha mpira humo. Uwanja wa beisiboli, kwa upande wake, umekatwa kama robo ya chapati. Kwenye ncha husimama mpigaji, na kutoka hapo mistari miwili hutanuka kwa pembe ya nyuzi 90 hadi ukuta wa nje. Vituo vya wakimbiaji hupishana mita 27.4 kila mahali, lakini umbali wa ukuta hutofautiana uwanja kwa uwanja, na katika viwanja vya zamani mara nyingi ni mitaa ya jirani iliyoamua. Ndiyo maana anayechora mstatili ndani ya robo hiyo hana ramani ya kunakili.

Kabla ya kuchora kuna kazi ya udongo. Kilima cha mrushaji, chenye kimo cha sentimita 25, husawazishwa, na njia za udongo kati ya vituo hufunikwa kwa nyasi za kutandaza. Viti navyo havihami. Mtazamaji wa beisiboli hulipia zaidi kukaa nyuma ya mpigaji. Mtazamaji wa futiboli hutaka kukaa usawa wa katikati ya uwanja. Mara nyingi kiti ghali cha mchezo mmoja huangukia pembeni mwa mwingine.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Wrigley Field, Chicago, uliofunguliwa mwaka 1914. Chicago Bears, timu ya kulipwa, walichezea hapo tangu 1921 hadi 1970, mstatili ukiwa umelazwa kaskazini-kusini na kona moja ya eneo la goli ikiishia kwenye kibanda cha wachezaji wa beisiboli. Tarehe 20 Novemba 2010 ilikuwa zamu ya vyuo vikuu, Northwestern dhidi ya Illinois, na safari hii mstatili ulilazwa mashariki-magharibi. Mstari wa kulia wa Wrigley una mita 107.6 tu kutoka kwa mpigaji hadi ukutani, pungufu ya urefu wa uwanja mzima wa futiboli. Eneo la goli la mashariki likawa karibu kugusana na ukuta wa matofali.

Ukuta ulivikwa magodoro, lakini mchezaji anayekimbia kwa kasi zote hasimami ghafla kwa sababu ya godoro. Siku moja kabla ya mechi ikaamuliwa kwamba timu zote mbili zishambulie kuelekea magharibi pekee. Kila mpira ulipobadili mikono, uwanja uligeuzwa kichwani: waamuzi waliuhamishia mpira mahali panapolingana, na timu mpya ikaanza kuelekea magharibi. Mipira ya kuanzia ilipigwa kuelekea mashariki, ili anayeidaka akimbie kwenye upande salama. Kanuni hiyo haikuweza kumzuia mlinzi aliyenasa pasi: Brian Peters wa Northwestern aliinasa moja na kukimbia nayo hadi eneo la mashariki, akafunga tachidauni mahali palipokusudiwa kukwepwa. Illinois walishinda 48-27, na Mikel Leshoure wao alikimbia yadi 330, rekodi ya chuo chake. Kwa mchezo uliochezwa upande mmoja, si haba.

Vyuo hukubali usumbufu huu kwa sababu msimu wa beisiboli huisha futiboli ikiwa imepamba moto, na uwanja mtupu wa katikati ya jiji haumwingizii mwenyewe kitu. Wakati mwingine ni shida tu: mwaka 2011, nyumba yao ikikarabatiwa, Chuo Kikuu cha California walihamia uwanja wa beisiboli wa San Francisco kwa mechi zao nyingi za nyumbani. New York hufanya hivyo kwa desturi. Pinstripe Bowl, mechi ya vyuo ya baada ya msimu, ilianza katika uwanja wa beisiboli wa Yankee Stadium mwaka 2010. Boston ikafuata na Fenway Bowl, iliyochezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022.

Wrigley yenyewe ilifanyiwa ukarabati mkubwa. Northwestern walipocheza na Purdue hapo tarehe 20 Novemba 2021, miaka 11 kamili baadaye, timu zilishambulia pande zote mbili, na Purdue wakashinda 32-14.