Mombasa: Ngome Iliyoshindwa Bila Kubomoka

Ndugu askari, wengi wetu tunaijua Mombasa kwa bandari ya Kilindini, mlango wa mizigo yetu, na kwa reli iliyoanza kujengwa huko mwaka 1896 kuelekea Uganda. Lakini upande wa pili wa kisiwa uko Mji wa Kale, nao wastahili kutazamwa kwa utulivu.

Humo tulipita vichochoro vyembamba vyenye kivuli, tukaona milango ya mbao iliyonakshiwa, roshani zinazoning'inia juu ya njia, na Msikiti wa Mandhry unaosemekana kujengwa mwaka 1570. Wenyeji wa kale waliuita mji huu Mvita, na historia yake yalithibitisha jina hilo.

Shahidi mkubwa ni Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Pembe zake zimetokeza nje, ili walinzi wa pembe moja waweze kumpiga adui aliye chini ya pembe nyingine.

Hata hivyo, ufundi huo haukutosha. Mwezi Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira. Ndani walikuwamo Wareno pamoja na Waswahili waliokuwa upande wao. Kuta zilisimama imara. Walioanguka ni watu, kwa maradhi na uhaba wa chakula. Mwaka 1697 manowari Santo António de Tanna, iliyoleta msaada, ilizama karibu na ngome. Desemba 1698 Waomani walipoiteka, walinzi waliosalia walikuwa wachache mno. Hapo twajifunza kwamba ngome si mawe pekee, bali pia chakula, dawa na msaada unaowahi.

Waswahili waliiita ngome hiyo Gereza, neno litokalo kwa Wareno, kwao likiwa na maana ya kanisa. Waingereza walipoifanya kifungo kuanzia 1895 hadi 1958, neno lilikwisha kupata maana tunayoijua leo.

Tangu 1962 ngome ni jumba la makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO iliitia katika Urithi wa Dunia. Mkataba wa The Hague wa 1954 nao huyaagiza majeshi kuhifadhi majengo ya namna hii vitani. Basi askari azurupo Mombasa, asiende kama mtalii tu. Atazame vizuri, kwani kulinda urithi wa watu ni sehemu ya kazi yake.