Nyumba ya Kupangisha Haijengwi kwa Matofali Peke Yake

Mfanyakazi anayekaribia kustaafu mjini Kampala aghalabu huwa na wazo moja: kukigeuza kiinua mgongo chake kuwa vyumba vya kupangisha. Wazo hilo si baya. Chumba hakifi kwa maradhi kama ng'ombe, wala hakichakai upesi kama gari, na kila mwisho wa mwezi humtia mwenyewe kitu mkononi. Ndiyo maana viunga vya mji, kama vile Nansana, Kireka na Kawempe, vimejaa vyumba vya mstari mmoja ambavyo wenyeji huviita "mizigo". Lakini wako wenye nyumba ambao vyumba hivyo vimewaelemea wakawa mizigo kwa maana ya Kiswahili hasa. Tofauti baina yao na wale waliofanikiwa haimo katika uzuri wa matofali, bali katika hati, hesabu na uungwana.

ARDHI KWANZA

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inatambua namna nne za kumiliki ardhi, na mojawapo ni mailo, iliyotokana na Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900. Hii ndiyo inayowatatiza wengi, kwa kuwa kipande kimoja huweza kuwa na watu wawili wenye haki: mwenye hati, na mwenye kibanja anayekaa juu ya ardhi hiyo. Anayenunua hati bila kwenda kuitazama ardhi huenda akakuta familia tatu pamoja na migomba yao, na sheria inawalinda. Naye anayenunua kibanja bila ridhaa ya mwenye ardhi hununua kesi.

Hapana budi, basi, mnunuzi aichunguze hati katika ofisi ya ardhi, kisha aende mahali penyewe mchana, awaulize majirani na viongozi wa mtaa, na mipaka ipimwe na mpima ardhi. Tena, Sheria ya Ardhi hairuhusu ardhi ya familia kuuzwa wala kuwekwa rehani bila idhini ya mke au mume. Shauri la nyumba na lianzie nyumbani.

HESABU ISIYOJIDANGANYA

Tuseme mstaafu amejenga vyumba sita kwa shilingi milioni 75, na kila chumba kinapangishwa kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka huona shilingi 10,800,000, akasema fedha zake zitarudi kabla ya miaka saba. Hesabu hiyo ina kasoro. Wapangaji huhama, na kila chumba kikikaa kitupu mwezi mmoja tu kwa mwaka, zinabaki shilingi 9,900,000. Kwa sheria ya mwaka 2022, mtu binafsi hutozwa ushuru wa asilimia 12 juu ya mapato ya pango yanayozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Hapo zinatoka shilingi 849,600. Akitenga kodi ya mwezi mmoja, yaani shilingi 900,000, kwa matengenezo, mkononi zinabaki shilingi 8,150,400. Fedha zake zitarudi baada ya miaka tisa na zaidi. Aliyekopa kwa kutegemea ile miaka saba atakuwa taabuni.

Fedha ya matengenezo isiliwe. Bati linalovuja hutengenezwa kabla ya mvua za Machi, na choo hunyonywa kabla hakijafurika. Tena, umeme wa mita moja kwa vyumba vyote ni chanzo cha ugomvi usiokwisha. Kila chumba kikiwa na mita yake ya kulipia kabla, kila mtu hutumia alichokinunua.

MAANDISHI NA UUNGWANA

Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inataka mapatano ya pango yenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi yawe ya maandishi, ndipo yaweze kutetewa mahakamani. Hata kwa chumba cha bei ya chini, maandishi ni ngao ya pande zote mbili. Sheria hiyo pia hairuhusu kodi kupandishwa kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, wala mpangaji kutolewa bila amri ya mahakama.

Mjane mmoja wa Kireka alikuwa na mpangaji aliyepoteza kazi akadaiwa kodi ya miezi miwili. Mama huyo alimwita, wakaandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba deni litalipwa kidogo kidogo juu ya kodi ya kila mwezi. Deni lilikwisha katika miezi mitano, na mpangaji yumo hata leo. Jirani yake, mwenye deni kama hilo, aliung'oa mlango wa chumba usiku. Mpangaji alikwenda polisi. Mwenye nyumba akapoteza kodi aliyokuwa akiidai, akagharimia kesi, na chumba kikakaa kitupu kwa sababu habari zilikwisha kuenea mtaani.

Hii haina maana kwamba mwenye nyumba avumilie kila ulaghai. Malimbikizo yakipita siku 30, njia ya mahakama i wazi kwake, na atakayesikilizwa ni yule mwenye mkataba, vishina vya risiti na daftari la malipo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mstaafu mwenye busara na anunue daftari hilo kabla ya kununua tofali la kwanza, aliandike pamoja na mwenzake wa nyumbani, na watoto wajue linakowekwa. Siku atakapokuwa hayupo, vyumba vitaendelea kuwalisha badala ya kuwagombanisha.