Mama mja mzito apunguze kazi kabla ya likizo ya uzazi

Saa saba mchana mjini Isiolo jua huwa kali kweli kweli. Mchukue mama mwenye mimba ya miezi minane ambaye ameajiriwa katika duka la nguo. Amesimama nyuma ya kaunta tangu saa mbili asubuhi. Viatu vinambana kwa sababu miguu imevimba, kiuno kinamuuma, na kufikia jioni hata kupanda bodaboda kurudi nyumbani Bula Pesa ni shida. Lakini hataki kuanza likizo ya uzazi sasa. Anajua kwamba kila siku atakayoitumia kabla ya kujifungua ni siku moja atakayoikosa akiwa na mtoto wake mchanga.

Akina mama wengi walioajiriwa hujikuta katika hali hiyo. Je, ni lazima mama achague kati ya kufanya kazi kutwa nzima hadi uchungu umshike na kuimaliza likizo mapema? La hasha. Iko njia ya katikati, nayo ni kupunguza saa za kazi kidogo kidogo katika majuma ya mwisho.

Kwa nini mwili huchoka

Mimba huchukua majuma 40 hivi. Kuanzia juma la 28 mtoto hukua haraka na mwili wa mama hubeba mzigo mkubwa. Damu yake huongezeka kwa karibu nusu ya kiasi cha kawaida, na moyo hulazimika kuisukuma yote. Tumbo nalo hukandamiza mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni. Ndiyo sababu mama akisimama muda mrefu mahali pamoja miguu huvimba, na wakati mwingine hushikwa na kizunguzungu.

Mimba si ugonjwa. Mama mwenye afya njema anaweza kufanya kazi nyepesi hadi karibu na siku zake. Jambo linalowatia wataalamu wasiwasi ni saa nyingi za kazi kila juma, zamu za usiku, kusimama kutwa na kuinua mizigo mizito. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kazi za aina hiyo huongeza kiasi uwezekano wa mtoto kuzaliwa kabla ya juma la 37, au kuzaliwa akiwa na uzito mdogo.

Joto la Isiolo nalo huongeza mzigo huo. Mama anayetokwa na jasho jingi bila kunywa maji ya kutosha huishiwa nguvu haraka, na tumbo laweza kuanza kumkaza kabla ya wakati.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Walimu walioajiriwa na tume ya TSC waliongezewa hadi siku 120 katika mkataba wa 2021. Sheria ya zamani ya mwaka 1976 ilitoa miezi miwili tu, na mama aliyeichukua alipoteza likizo yake ya mwaka huo. Siku hizi haipotezi.

Mama anatakiwa kumwandikia mwajiri siku saba au zaidi kabla ya kuanza likizo, akitaja tarehe. Mwajiri akitaka cheti cha daktari, apewe. Mama akirudi, ana haki ya kupata kazi yake au nyingine inayomfaa isiyo na masharti duni kuliko ya kwanza. Kumwachisha kazi kwa sababu ya mimba ni kosa, na afisa wa leba anaweza kupelekewa malalamiko hayo.

Hata hivyo, sheria hiyo haitaji saa pungufu kabla ya likizo ya uzazi. Hilo ni jambo la maelewano, na hapa ndipo mama anapohitaji kujipanga mapema.

Namna ya kujipanga

Kila mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja kazini ana likizo ya mwaka ya siku zisizopungua 21 za kazi. Tuseme mama anafanya kazi saa nane kwa siku, siku tano kwa juma. Akikubaliana na mwajiri aondoke saa mbili mapema kila siku kwa majuma matano, atakuwa ametumia saa 50. Hizo ni kama siku sita tu za likizo yake ya mwaka, na hajaigusa hata siku moja ya likizo ya uzazi. Anayependa anaweza kupumzika siku nzima katikati ya juma badala yake.

Ni vizuri kuzungumza na mwajiri mimba inapofika miezi sita hivi, na maelewano yawekwe kwa maandishi. Mama aombe pia kiti, ahamishwe kutoka zamu ya usiku, na asiinue mizigo. Haya hayamgharimu mwajiri pesa nyingi. Daktari akiona hali ya mama inahitaji mapumziko, anaweza kumwandikia siku za ugonjwa, ambazo sheria inazitambua mbali na likizo ya uzazi.

Vipi kuhusu mama asiye na mwajiri? Isiolo ina akina mama wengi wanaouza maziwa ya ngamia, ambayo hupakiwa kwenye mabasi kwenda Nairobi. Hao hawana wa kumwandikia barua. Mama kama huyo aachie wengine kazi ya kuinua mitungi, auze akiwa ameketi kivulini, na aende nyumbani jua likiwa kali. Mume na jamaa wana wajibu wa kumsaidia.

Dalili za hatari

Miguu kuvimba jioni ni jambo la kawaida. Lakini mama akiumwa na kichwa kusikoisha, akiona ukungu machoni, au uso na mikono ikivimba ghafla, huenda shinikizo la damu limepanda, na linaweza kuleta kifafa cha mimba. Kutokwa na damu, maji kuvunjika, homa, au mtoto kupunguza kucheza pia ni hatari. Mama asingoje zamu iishe. Aende hospitali mara moja.

Mwisho, kupunguza kazi hakuchukui nafasi ya kliniki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama aonwe na mhudumu wa afya mara nane katika kipindi cha mimba, na ziara nyingi kati ya hizo ni za miezi ya mwisho. Saa atakazopunguziwa mama zitampa pia nafasi ya kwenda. Kinga ni bora kuliko tiba.