Koti la Baridi na Koti la Mvua

Leo hatutazungumza juu ya mbolea wala mbegu. Tutazungumza juu ya koti. Huenda mtu akasema, "Leo Bwana Shamba ameishiwa na maneno." La, ndugu yangu. Jembe hushikwa na mkono, na mkono uliokufa ganzi kwa baridi haulimi.

Sisi wa Njombe, Makete na milima ya Mbeya twaijua baridi. Kila ukipanda mlima mita 1000, joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Ndiyo maana uwanda wa Kitulo, ulio juu zaidi ya mita 2500 kutoka usawa wa bahari, hupata sakitu, ile barafu nyeupe inayolala juu ya majani asubuhi, wakati mwenzetu wa Dar es Salaam yuko na shati moja tu.

Kwanza tuelewe jambo moja. Koti halina joto lake. Joto ni la mwili wako, na kazi ya koti ni kulizuia lisitoke. Kinacholizuia ni hewa iliyotulia ndani ya kitambaa, na kati ya nguo moja na nyingine. Hewa hiyo ina maadui wawili: upepo na maji. Basi kabla hujavaa koti, jiulize: adui wa leo ni yupi?

Kuanzia Juni mpaka Agosti adui ni upepo. Baridi ni kavu. Hapo vaa koti la sufu lililofumwa kwa kubana, lifike chini ya kiuno, na shingo yake ifungike. Lakini lisikubane mwilini. Liache nafasi ya sweta ndani. Nguo mbili nyepesi, moja juu ya nyingine, ni bora kuliko moja nzito, maana jua likipanda unavua moja kabla hujatokwa na jasho. Jasho nalo ni maji, msisahau.

Mvua zikianza, adui amebadilika, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Mtu huchukua koti lake zito la pamba, akidhani uzito ndio joto. Pamba hunywa maji, hushikamana na ngozi, na joto la mwili huondoka mbio. Sufu hata ikilowa hubakiza joto kidogo. Dawa ya mvua ni hii: sweta la sufu ndani, koti la mvua la mpira au nailoni juu. Koti la mvua peke yake halitoshi kwa baridi. Tena halipitishi jasho, kwa hiyo lifungue shingoni wakati wa kulima, ulifunge unapopumzika.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Nilikwenda kukagua viazi mlimani nimevaa koti zito la pamba, mvua ikaninyeshea njia nzima. Nilipofika kwenye nyumba ya kwanza nilikuwa natetemeka, na vidole havikuweza kufungua vifungo. Mama mwenye nyumba akaniambia, "Vua hilo koti, mwanangu, ndilo linalokuumiza." Akanifunika blanketi kavu, akanipa chai ya moto yenye sukari. Mzee mmoja alitaka kuniletea pombe, mama akakataa. Alikuwa na haki. Pombe huleta damu ya moto karibu na ngozi. Unajiona umepata joto, kumbe joto la ndani linatoka. Na mkiona mtu aliyelowa ameacha kutetemeka kabla hajapata joto, au maneno yake hayaeleweki, msiseme amepona. Hiyo ni hatari. Mvueni nguo mbichi, mfunikeni, mpelekeni zahanati.

Sasa, pale kwenye mitumba utalijuaje koti? Weka kitambaa mdomoni, ukipulize. Pumzi ikipita bila taabu, na upepo utapita. Dondosha tone la maji juu yake uone kama linanywewa au linateleza. Ukitaka kuijua sufu, mwombe mwuzaji uzi mmoja kutoka ndani ya pindo, uuchome mbali na nguo. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Pamba hunuka kama karatasi. Nailoni huyeyuka ikawa kidonge kigumu, kwa hiyo koti la nailoni usilikaushe karibu na moto.

La mwisho, ndugu zangu, ni watoto. Mwili mdogo hupoteza joto upesi kuliko mkubwa. Hata hivyo mara nyingi utamwona baba amekaa barazani na koti lake, na kijana anayechunga ng'ombe tangu alfajiri ana shati lililochanika. Ikiwa fedha inatosha koti moja tu, lipewe yule anayekaa nje muda mrefu zaidi. Mikono ya koti ikimzidi, ikunjwe. Mwakani atakuwa amekua.

Kwa leo tunaishia hapa. Kabla hujatoka kesho asubuhi, tazama mlima, tazama mawingu, ndipo uchague koti. Kwaherini, na kazi njema.