Hegel Akisomwa kutoka Newala: Udhanifu wa Kijerumani na Simulizi la Asili ya Wamakonde

Udhanifu wa Kijerumani ulianza na swali la Immanuel Kant mwaka 1781: akili huchangia nini katika maarifa? Jibu lake lilikuwa kwamba akili haipokei tu yanayoletwa na hisi, bali huyapanga kwa dhana zake yenyewe, usababishi ukiwa mojawapo. Fichte aliongeza kuwa nafsi hujitambua kwa kutenda. Hegel, mwaka 1807, alikwenda mbali zaidi: binadamu hujijua kupitia kazi, anapojiona katika kitu alichokiumba, na kupitia mwenzake anayemtambua.

Hata hivyo, katika mihadhara yake ya Berlin kuhusu falsafa ya historia, iliyochapishwa mwaka 1837 baada ya kifo chake, Hegel aliiweka Afrika kusini mwa Sahara nje ya historia ya ulimwengu, akidai kwamba haina mwendo wala maendeleo. Katika mihadhara hiyohiyo alibainisha kuwa neno la Kijerumani Geschichte hubeba maana mbili: matukio, na usimulizi wa matukio. Neno historia katika Kiswahili lina sura hizo mbili pia. Kwa Hegel, pasipo usimulizi hakuna historia kamili.

Mwaka 1906, wakati Vita vya Maji Maji havijazimika kabisa, mwanaethnografia Karl Weule wa Leipzig alipita Masasi, kisha akapanda hadi Newala na Mahuta. Kitabu chake cha mwaka 1908 kina simulizi la asili ya Wamakonde. Mtu aliyeishi peke yake porini, asiyeoga wala kunyoa nywele, alichonga sanamu kwa mti na kuisimamisha nyumbani kwake. Usiku sanamu ikawa mwanamke. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mfu kando ya Ruvuma, na wa pili katika bonde la Mbwemkuru. Waliporudi kwenye vichaka vya juu, Mahuta, wa tatu aliishi. Kizazi chao kikausiwa kutojenga mabondeni.

Simulizi hili halimfanyi mchongaji kuwa mfuasi wa Hegel. Linaonyesha, hata hivyo, kwamba mambo ambayo Hegel aliyaona kuwa kiini cha kujitambua yamo humu: upweke unavunjwa na kazi ya mikono, na kazi hiyo inamzalia mchongaji mwenza. Usababishi wa Kant nao umo, kwani mahali panahusishwa na uhai kwa mfuatano wa majaribio matatu.

Hegel angepinga kwamba ngano si historia, kwa kuwa huwa na ukungu kuhusu watu wenyewe. Pingamizi hilo halitoshi hapa. Simulizi lina majina ya mahali, mpangilio wa matukio, sababu na sheria inayoeleza kwa nini jamii inaishi inapoishi. Hilo ni tukio na usimulizi kwa pamoja.

Tatizo zito zaidi ni la lugha. Wilhelm von Humboldt, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1836, alisisitiza kuwa kila lugha ina mtazamo wake wa ulimwengu. Katika kitabu cha Weule, mchongaji wa Mahuta anazungumza Kijerumani. Kauli yoyote kuhusu dhana za Kimakonde za nafsi, uhai au sababu haina budi kupimwa kwa Chimakonde chenyewe, kinachozungumzwa hadi leo Newala. Falsafa ya simulizi hili inaanzia hapo.