Panzi Ndugu Yake Kaa

Washa taa ya jikoni usiku wa manane na huenda siku moja ukamkuta mende mweupe pe, macho meusi, kando yake ganda tupu lenye umbo lake. Wengi humponda upesi wakidhani ni mdudu mgeni au mgonjwa. Ni mende yule yule wa kila siku. Ametoka kujivua gamba, na baada ya saa chache ngozi yake mpya itakakamaa na kurudia rangi ya kahawia.

Mende huyo anatuingiza moja kwa moja katika faila ya Arithropodi, iliyo kubwa kuliko zote katika ulimwengu wa wanyama. Spishi zilizokwisha kuelezwa zinapita milioni moja, na nyingi ni za wadudu. Mnyama wa faila hii hana mfupa hata mmoja. Kinachomshikilia kiko nje: gamba la kitini, limegawanyika pingili pingili, na kwenye viungo kuna utando laini unaoiwezesha miguu kupinda. Misuli imejishikiza kwa ndani. Moyo uko upande wa mgongo na uzi mkuu wa neva unapita upande wa tumbo, kinyume na sisi.

Shida ni kwamba gamba likishakuwa gumu haliongezeki. Anayetaka kukua hana budi alipasue atoke. Msimu wa panzi, tafuta kwenye majani marefu utaliona ganda linaning'inia, limepasuka mgongoni. Lishike taratibu ulitazame kwa ndani. Miguu imo yote na miiba yake, vipapasio vimo, hata vifuniko vya macho vimo. Utaona pia nyuzi nyeupe nyembamba. Hizo ni bitana za mirija ya hewa, maana wadudu hupumua kwa matundu ya ubavuni, na bitana hiyo nayo hubadilishwa. Sijui kazi ya mikono inayoweza kushindana na hiyo.

Wanaonenepesha kaa wa mikoko wanalijua jambo hili kibiashara. Kaa aliyetoka kujivua gamba anaonekana mkubwa, lakini ndani ni maji matupu. Humfungia na kumlisha kwa wiki kadhaa hadi nyama ijae, ndipo wampeleke sokoni.

Kuwapanga wanyama hawa makundi, wengi huanza na miguu. Wadudu wana sita. Buibui, nge na kupe wana minane na hawana vipapasio. (Buibui akifa miguu hujikunja kwa sababu baadhi ya viungo vyake havina misuli ya kuvinyoosha, huvinyoosha kwa msukumo wa damu, na msukumo huo hukoma na uhai.) Tandu ana jozi moja kwa kila pingili, na ile ya kwanza imegeuka kuwa makucha ya sumu. Jongoo ana jozi mbili karibu kila pingili, ingawa mwenye miguu zaidi ya 1,000 hakujulikana hadi 2021, alipotangazwa mmoja wa Australia mwenye miguu 1,306. Kaa, kamba na kambakoche ni krustasia, wenye jozi mbili za vipapasio.

Mwaka 1758 Carl Linnaeus aliwaweka wote hawa katika ngeli moja ya wadudu. Waliomfuata waliwatenganisha, kisha wakamweka mdudu karibu na jongoo: wote wana jozi moja ya vipapasio, wote hupumua kwa mirija. Wengi wetu tulifundishwa hivyo. Uchunguzi wa vinasaba umeupangua ukoo huo. Wadudu walichipuka ndani ya krustasia wenyewe, kwa hiyo panzi yuko karibu zaidi na kaa kuliko alivyo na jongoo anayepita naye kwenye nyasi zile zile. Mirija ya hewa ilizuka mara mbili, kila upande kivyake. Ningependa kila mwalimu wa biolojia alianze somo hapo, kwa sababu mtoto akishajua kwamba sura inaweza kudanganya, ataanza kuchunguza kwa makini.

Na anayetaka kuona jinsi miguu inavyodanganya, ampate kaa wa nazi kwenye kisiwa cha Chumbe, Zanzibar. Huyu ndiye arithropodi mkubwa kuliko wote wa nchi kavu, hufikia kilo nne. Ukihesabu miguu yake pamoja na makucha utapata minane, kama buibui. Miwili iliyobaki ni midogo, imefichwa chini ya gamba, na huitumia kusafisha matamvua. Jumla ni kumi, kama kaa wenzake. Lakini matamvua hayo hayamtoshi tena: hupumua hewa, na mkubwa akitumbukia majini kwa muda mrefu hufa. Hata hivyo watoto wake huanzia baharini, na wakipanda nchi kavu huvaa makombe ya konokono hadi miili yao iwe migumu.

Akitaka kujivua gamba huchimba shimo, hujifungia humo kwa wiki kadhaa na kula gamba lake la zamani ili arudishe madini. Hukua polepole mno, na huchukua miaka kama mitano kabla ya kuweza kuzaa. Ndiyo maana visiwa vingi vilivyomvua ovyo vimebaki bila yeye, na Chumbe, ambako analindwa, ni mahali pa thamani kubwa kwake.