Nafasi Nyembamba Kuliko Unywele

"Umesikia, mzee?" Fundi amelala chali chini ya Peugeot 404. Sampo imeshateremshwa, na mkono wake umeshika konrodi ya silinda ya tatu. Anaisukuma juu, tak. Anaivuta chini, tak. Mwenye gari anaitikia kwa kichwa. Mlio huo ndio uliomleta gereji: kila akikanyaga mafuta kisha akaachia, injini inabisha hodi.

Gari hili lina jina lake Afrika Mashariki. Lilishinda Safari Rally mwaka 1963 na 1968 mikononi mwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na 1966 na 1967 kwa Bert Shankland na Chris Rothwell. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,618 imelazwa ubavu kwa nyuzi 45, na zile za mwanzo zilishika kranki kwa beringi tatu tu. Baadaye zikawa tano.

Fikiria kazi ya beringi hizo, na zile za konrodi. Kranki ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, kila pistoni husimama na kugeuza njia mara 10,000. Inapogeuka kule juu, mchapuko wake unazidi mara 1,000 ule wa jiwe linaloanguka. Pistoni ya nusu kilo hapo huivuta konrodi kama mzigo wa zaidi ya nusu tani. Chuma kikisuguana na chuma kwa nguvu hiyo, injini haimalizi hata safari ya sokoni.

Siri ni kwamba havigusani. Mwaka 1883, mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akipima msuguano wa beringi ya aina ya mabehewa ya reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atie oili. Ajabu ni kwamba oili ndiyo iliyopanda ikamwagika nje. Akaziba kwa kizibo cha koki, kikasukumwa. Akaziba kwa kigingi cha mti, nacho kikatoka. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alieleza kwa hesabu kilichotokea: mhimili unaozunguka huikokota oili na kuiingiza kwenye upenyo unaozidi kuwa mwembamba, na oili ikikosa pa kwenda huubeba mhimili. Dereva aliyewahi kuteleza kwenye dimbwi wakati wa masika anaijua fizikia hiyo: tairi huacha lami, likaelea.

Kwa hiyo pampu ya oili haiinui kranki. Yenyewe inaleta oili tu; mzunguko ndio unaoinua.

Beringi zenyewe ni vipande vya nusu duara, mgongo wa chuma na uso wa madini laini. Ulaini huo ni wa makusudi. Mmarekani Isaac Babbitt alipata hataza yake mwaka 1839 kwa beringi zenye mchanganyiko wa bati, antimoni na shaba. Punje ya uchafu ikipenya, huzama kwenye madini laini badala ya kuikwaruza kranki, na oili ikikatika, beringi ndiyo inayoyeyuka kwanza. Ile ya silinda ya tatu, fundi alipoitoa, ilikuwa imechubuka hadi rangi ya chini ikaonekana.

Kranki ikapelekwa kusagwa kwa milimita 0.25, na beringi nene zaidi zikanunuliwa kufidia. Msagaji mzuri huacha mviringo mdogo kwenye kona za shingo ya kranki, pale inapokaa beringi. Kona kali ndiyo mahali ufa huanzia.

Kisha kikaja kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Fundi alilaza kiuzi cha plastiki laini juu ya shingo ya kranki, akafunga kifuniko kwa spana inayopima mkazo, akafungua tena. Kiuzi kilikuwa kimekuwa bapa, kipana kama utepe. Akalinganisha upana wake na mistari ya karatasi iliyokuja nacho. Kanuni ya kale ni sehemu moja kwa elfu: shingo ya milimita 50 inataka nafasi ya milimita 0.05 hivi. Ikibana, oili haipiti, joto linapanda. Ikilegea, oili inachuruzika pembeni, presha inashuka, na hodi inarudi.

Slivu za silinda za 404 huchomolewa na kubadilishwa, hivyo huko juu kwenye pistoni hakuna kazi nyingi. Pesa hupotelea kwenye vijitundu vya oili ndani ya kranki. Mashine ya kusaga huacha vumbi humo, na asiyevizibua na kuviosha kwa brashi atainunua kazi ile ile mara mbili.

Injini ikishafungwa, toa plagi zote na uizungushe kwa stata mpaka taa ya oili izimike, ndipo uwashe. Taa hiyo ikiwaka tena ukiwa njiani, zima injini papo hapo, hata kama gereji unaiona kwa macho.